Pingili moja, nchi nyingi: historia ya ushirikiano wa Afrika Mashariki katika utafiti wa mihogo

Katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki, muhogo ni akiba ya chakula isiyohitaji ghala. Hubaki ardhini ukimsubiri mwenyewe. Mvua ikikatika na mahindi yakinyauka, familia hurudi kwenye muhogo: huchemshwa, huanikwa makopa, husagwa unga wa ugali, na majani yake hutwangwa kisamvu. Ndiyo maana kamati za maendeleo za parokia, zinapokaa kupanga namna ya kuzisaidia kaya zenye upungufu wa chakula, mara nyingi huamua kununua na kugawa pingili za mihogo.

Ni uamuzi mzuri, lakini una hatari yake. Pingili inayopakiwa kwenye gari inaweza kubeba chakula cha miaka kumi, na inaweza vile vile kubeba ugonjwa utakaoangamiza mihogo ya kijiji kizima. Kuzitofautisha pingili hizo mbili ni kazi ambayo watafiti wa ukanda wetu wameifanya kwa zaidi ya miaka 90, wakati mwingine wakiwa pamoja, wakati mwingine kila nchi ikihangaika kivyake.

Makala haya yanaeleza historia hiyo. Tumewakusudia wanakamati wanaosimamia mashamba ya mbegu, na pia wafadhili wanaouliza, kwa haki kabisa, kwa nini kazi ya mihogo huchukua miaka mingi kuliko muda wa mradi mmoja.

Kwa nini nchi moja haitoshi

Mkulima wa mihogo hapandi mbegu kama mkulima wa mahindi. Hukata shina la mmea uliokomaa, akalipanda vipande vipande. Kwa hiyo mmea mpya ni ule ule wa zamani, na kama ule wa zamani ulikuwa na virusi ndani ya shina, mpya nao huzaliwa navyo.

Magonjwa mawili ya virusi ndiyo yaliyotusumbua zaidi. La kwanza ni batobato. Majani hupata mabaka ya kijani hafifu au manjano, hukunjamana na kuwa madogo, na mmea hudumaa ukatoa mihogo michache na myembamba. La pili ni michirizi ya kahawia. Huu ni ugonjwa wa hila zaidi, kwa sababu shamba linaweza kupendeza kwa macho hadi siku ya kuvuna. Mkulima anang'oa, anakata muhogo, anakuta ndani mabaka makavu ya kahawia ambayo hayaliki wala hayauziki.

Magonjwa yote mawili huenezwa na inzi weupe, wadudu wadogo wanaokaa chini ya majani, na pia na watu wanaobeba pingili. Inzi hajui mpaka. Na pingili nazo huvuka mpaka kila msimu: mtu amekwenda kumtembelea dada yake aliyeolewa upande wa pili, ameonjeshwa muhogo mtamu, anarudi na mzigo wa pingili begani. Hakuna afisa wa forodha atakayezuia hilo. Nchi moja ikisafisha mashamba yake huku jirani yake akiugua, usafi huo hautadumu.

Amani: kituo cha mlimani

Historia yetu inaanzia Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, juu ya Muheza mkoani Tanga. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo hapo mwaka 1902. Shabaha yao kubwa ilikuwa mazao ya biashara ya walowezi, kama vile mpira, kahawa na mkwinini. Chakula cha Mwafrika hakikupewa nafasi ya kwanza. Hata hivyo, tayari mwaka 1894 msomi wa Kijerumani, Warburg, alikuwa ameandika juu ya ugonjwa wa majani ya mihogo katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Maandishi hayo ndiyo ya kwanza duniani kuhusu batobato ya mihogo.

Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walikifufua kituo cha Amani katika miaka ya 1920. Safari hii kilipewa jukumu jipya: kisihudumie koloni moja, bali kiwe kituo cha utafiti cha Afrika Mashariki nzima. Huo ndio mwanzo wa ushirikiano tunaouzungumzia. Ulianzishwa na watawala, si na wakulima, lakini ulitambua jambo la kweli, kwamba magonjwa ya mimea ni ya eneo zima.

Mwaka 1928 alifika Amani mtaalamu wa virusi vya mimea, H. H. Storey, akitokea Afrika Kusini alikokuwa akichunguza ugonjwa wa milia ya mahindi. Mwaka 1936 aliandika maelezo ya kwanza ya michirizi ya kahawia, akiutenga na batobato. Mwaka 1938 yeye na mwenzake, R. F. W. Nichols, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu namna inzi weupe wanavyoeneza batobato.

Kujua adui ni hatua moja; kumshinda ni nyingine. Mwaka 1937 ilianza kazi ya kutafuta mihogo inayostahimili magonjwa hayo. Watafiti walikusanya aina nyingi kutoka ndani na nje ya Afrika, wakaona kwamba hata zile zilizo bora hazikutosha. Ndipo walipogeukia ndugu wa muhogo walio porini, hasa mti wa mpira wa Ceará. Wasomaji wengi wa pwani wanaufahamu mti huu: ndio ule ambao majani yake huchumwa kwa kisamvu cha mpira. Una nguvu dhidi ya magonjwa, lakini mizizi yake si chakula.

Kazi ilikuwa ya subira. Chavua ya mti wa mpira iliwekwa kwa mkono kwenye ua la muhogo. Mbegu zilizopatikana zilipandwa, na miche iliyougua ikatupwa. Miche iliyobaki ilikuwa na nguvu lakini mizizi yake ilifanana na ya mzazi wa porini, myembamba na yenye nyuzinyuzi. Basi ikachanganywa tena na muhogo wa kawaida, kisha tena, na tena, kila mara wakichagua ile iliyobakiza ukinzani huku ikirudisha mizizi minene. Kila mzunguko ulihitaji miaka. Katika miaka ya 1950 kazi hiyo iliendelezwa na D. L. Jennings, na kati ya machotara yaliyopatikana mamoja yalipewa nambari 46106/27 na mengine 5318/34. Tuzikumbuke nambari hizo, tutakutana nazo tena.

Muguga na Jumuiya

Mwaka 1948 nchi za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ziliunganishwa chini ya Shirika la Utafiti wa Kilimo na Misitu la Afrika Mashariki, lililojulikana kwa kifupi kama EAAFRO. Makao yake yakawa Muguga, karibu na Nairobi, na shughuli nyingi za Amani zikahamia huko. Mpango wa mihogo uliendelea kwa miaka michache zaidi, kisha ukafungwa mwaka 1957.

Baada ya uhuru, EAAFRO ilibaki kuwa mali ya pamoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1967, shirika hilo lilikuwa moja ya huduma zake, pamoja na reli, bandari, posta na shirika la ndege. Faida yake ilionekana wazi. Maabara moja nzuri, maktaba moja na kundi moja la wataalamu vilihudumia nchi tatu ambazo kila moja peke yake isingeweza kuvigharamia. Vijana wa Kiafrika waliotoka vyuo vikuu walianza kuchukua nafasi za watafiti wa kigeni, na Mtanzania aliweza kukaa meza moja na Mganda na Mkenya wakishughulikia tatizo lile lile.

Kuvunjika kwa mwaka 1977

Jumuiya ilivunjika mwaka 1977 kwa sababu za kisiasa na kiuchumi zinazojulikana: kutoelewana kwa viongozi, malalamiko juu ya mgawanyo wa mapato, na tofauti za sera. Katika mazungumzo ya wakati ule watu walizungumzia zaidi ndege na mabehewa yaliyozuiliwa upande huu au ule. Utafiti wa kilimo haukutajwa sana, lakini nao uligawanyika. Majengo na maabara za Muguga zilibaki Kenya, na watafiti wa nchi nyingine wakarudi makwao.

Kila nchi ikaanza kujenga upya. Kenya iliunda KARI mwaka 1979, ambayo tangu sheria ya mwaka 2013 inaitwa KALRO. Uganda, baada ya miaka ya vita, iliunda NARO mwaka 1992. Tanzania ilizipanga upya taasisi zake mara kadhaa, hadi ikafikia TARI iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016. Vituo kama Kibaha, Naliendele na Ukiriguru vilifanya kazi nzuri, lakini kwa muda mrefu mtafiti wa Naliendele alikuwa na nafasi ndogo ya kujua mwenzake wa Namulonge anaona nini shambani.

Wakati taasisi zikigawanyika, wakulima walikuwa wanatunza kile walichopewa. Miaka mingi baadaye, watafiti walivutiwa na aina mbili za mihogo zilizovumilia michirizi ya kahawia kuliko nyingine. Moja ililimwa pwani ya Kenya kwa jina la Kaleso. Nyingine ililimwa Tanzania kwa jina la Namikonga. Vipimo vya vinasaba vilipofanyika vilionyesha kwamba Kaleso na Namikonga ni mmea mmoja, na mmea wenyewe ni lile chotara la Amani, 46106/27. Mpango ulikuwa umefungwa na shirika limekufa, lakini mwanakijiji ambaye hakuwahi kuisikia nambari hiyo aliendelea kukata pingili na kumgawia jirani. Leo Namikonga ni mmoja wa wazazi muhimu wanaotumika kuzalisha aina mpya.

Safari ya Ibadan na kurudi

Chotara la pili lilisafiri mbali zaidi. Katika miaka ya 1950 mbegu zilizotokana na 5318/34 zilipelekwa Nigeria, katika kituo cha Moor Plantation, Ibadan. Huko zilitoa mmea uliopewa nambari 58308, uliokuwa na ukinzani mzuri dhidi ya batobato. Haukupendwa sana na wakulima kwa mavuno yake, lakini watafiti waliuhifadhi.

Mwaka 1967 ilianzishwa Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Nchi za Joto, IITA, hapo hapo Ibadan. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtafiti kutoka Korea Kusini, Sang Ki Hahn, aliuchukua mmea wa 58308 na kuuchanganya na aina nyingine zenye mavuno makubwa. Matokeo yake yalikuwa kundi la mihogo lililoitwa TMS, na mojawapo, TMS 30572, ilienea katika nchi nyingi za Afrika.

Kazi iliyoanzwa Usambara mwaka 1937 ilikuwa sasa inawalisha watu wa Afrika Magharibi, na muda si mrefu ingehitajika nyumbani.

Janga la Uganda

Mwishoni mwa miaka ya 1980 wakulima wa maeneo ya kaskazini ya kati ya Uganda, kuzunguka Luwero, waliona batobato ya namna ambayo hawakuwahi kuiona. Mashamba yote yalikunjamana. Aina iliyopendwa sana wakati huo, Ebwanateraka, haikuwa na kinga yoyote. Ugonjwa ulisogea kuelekea kusini kwa kilomita kati ya 20 na 30 kila mwaka, kama moto wa nyika. Mashariki mwa Uganda, ambako muhogo ulikuwa chakula kikuu, ukame wa 1993 na 1994 uliwakuta watu hawana tena akiba ile ya ardhini. Kulikuwa na njaa, na kuna watu waliokufa.

Mwaka 1997 wanasayansi walieleza sababu. Virusi vya aina mbili vilivyokutana ndani ya mmea mmoja vilikuwa vimechanganya vinasaba vyao na kuzaa virusi vipya vilivyo vikali kuliko wazazi wake. Ukali ulizidi zaidi pale mmea mmoja ulipoambukizwa virusi hivyo vipya pamoja na vile vya zamani.

Jibu lilikuwa tayari kwenye mashamba ya majaribio. Mpango wa mihogo wa Uganda, ulioongozwa na G. W. Otim-Nape kutoka Namulonge, ulikuwa umejaribu aina za TMS kutoka IITA. Tatu kati yake zilitolewa kwa wakulima kwa majina ya Nase 1, Nase 2 na Nase 3. Hiyo Nase 3, ambayo wakulima waliiita Migyera, si nyingine bali ni TMS 30572. Uzao wa Amani ulikuwa umerudi Afrika Mashariki baada ya miaka 40, kwa njia ya Ibadan.

Hapa ndipo makanisa na vikundi vya vijijini vilipoingia kwa wingi. Kituo cha utafiti kinaweza kutoa pingili elfu chache tu, wakati waliohitaji walikuwa maelfu kwa maelfu ya kaya. Shule, vikundi vya wakulima, mashirika ya hiari na ya dini yalitoa ardhi na nguvukazi ya kuzalisha pingili na kuzigawa, kwa sharti la kawaida kwamba aliyepokea naye atampa mwingine baada ya kuvuna. Bila mtandao huo, aina bora zingebaki Namulonge.

Ugonjwa haukusubiri. Katikati ya miaka ya 1990 ulifika magharibi mwa Kenya, mwishoni mwa muongo huo ukaingia Kagera, kisha Rwanda na Burundi. Tofauti na mwanzo, safari hii majirani walikuwa na taarifa mapema, kwa sababu ushirikiano mpya ulikuwa umeanza.

Ushirikiano wazaliwa upya

Mwaka 1994 taasisi za utafiti za nchi 10 ziliunda umoja wa kuimarisha utafiti wa kilimo Afrika Mashariki na Kati, ASARECA, wenye makao Entebbe. Nchi hizo ni Burundi, Eritrea, Ethiopia, Kenya, Kongo, Madagaska, Rwanda, Sudan, Tanzania na Uganda. Chini ya umoja huo mitandao ya mazao ilifanya kazi kwa pamoja, na wa mihogo uliitwa EARRNET.

Ushirikiano huu haukuwa nakala ya ule wa zamani. EAAFRO ilikuwa shirika moja lenye bajeti moja na wafanyakazi wake. ASARECA ni makubaliano: kila nchi inabaki na kituo chake, na wote wanakubaliana nani afanye nini na matokeo yagawanywe vipi. Faida yake ni kwamba mgogoro wa kisiasa hauwezi kuubomoa kwa siku moja. Udhaifu wake ni kwamba hutegemea sana fedha za wafadhili. Katikati ya miaka ya 2010 fedha hizo zilipopungua, umoja huo ulilazimika kujipunguza na kujipanga upya. Ni lazima tuliseme hili kwa wasomaji wetu wanaochangia: mitandao ya utafiti haionekani kwenye picha kama kisima au darasa, kwa hiyo mara nyingi ndiyo ya kwanza kukatwa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ilifufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999. Muongo mmoja baadaye, mpango uliopata mkopo wa Benki ya Dunia uligawa majukumu kwa nchi: Kenya ikaongoza utafiti wa maziwa, Ethiopia ngano, Tanzania mpunga, na Uganda mihogo. Fikra ile ya zamani, kwamba si kila nchi ifanye kila kitu, ilikuwa imerudi.

Adui wa pili na kazi ya mashirika ya dini

Kwa miongo mingi iliaminika kwamba michirizi ya kahawia ni ugonjwa wa nchi za chini, pwani na kando ya Ziwa Malawi, na kwamba hauwezi kustawi juu ya mita 1,000. Mwaka 2004 ulionekana Uganda, katika maeneo ya juu kuliko hapo. Katika miaka michache iliyofuata ukaonekana kuzunguka Ziwa Victoria na katika nchi za Maziwa Makuu. Jambo lililoumiza zaidi ni kwamba aina zilizoshinda batobato, Migyera ikiwemo, hazikuwa na kinga ya kutosha dhidi ya ugonjwa huu.

Wakati huo huo shirika la Kikatoliki la misaada la Marekani, CRS, lilikuwa linaongoza mradi mkubwa wa mihogo likishirikiana na IITA na taasisi za utafiti za nchi sita: Burundi, Kenya, Kongo, Rwanda, Tanzania na Uganda. Mradi wa kwanza, C3P, ulianza mwaka 2006 kwa ajili ya kukabili batobato. Uliofuata, uliojulikana kama GLCI, ulipata fedha za Bill & Melinda Gates Foundation ukaendelea hadi mwaka 2012, ukilenga kuwafikia wakulima zaidi ya milioni 1 kupitia mashirika ya wenyeji, yakiwemo ya majimbo na makanisa.

Mradi huo ulilazimika kujifunza njiani. Kugawa pingili nyingi kwa haraka, ambako ndiko kipimo cha mafanikio katika miradi mingi, kungeweza kusambaza michirizi ya kahawia hadi vijiji ambavyo bado vilikuwa salama. Kwa hiyo ziliwekwa taratibu za ukaguzi. Shamba la kuzalishia lilipimwa dalili za magonjwa, sampuli zikapelekwa maabara, na shamba lililozidi kiwango kilichokubaliwa halikuruhusiwa kutoa pingili. Wapo wakulima na vikundi waliosikitika kuona shamba zuri la majani likikataliwa. Lakini somo hilo lilibaki: msaada wa mbegu usiokaguliwa unaweza kuwa madhara.

Nchi tano, kila moja na tano zake bora

Hatua iliyofuata ilionyesha ushirikiano ukifanya kazi kama ulivyokusudiwa. Kuanzia mwaka 2012, Kenya, Malawi, Msumbiji, Tanzania na Uganda, zikiratibiwa na IITA, zilikubaliana kila moja itoe aina zake tano za mihogo zilizo bora, kisha zote zijaribiwe katika nchi zote. Si jambo dogo kwa nchi kumpa jirani kilicho bora kuliko vyote ilivyo navyo.

Kikwazo kilikuwa ni ugonjwa: huwezi kuvusha pingili mpakani bila kuvusha virusi. Kwa hiyo mimea hiyo ilisafishwa kwanza katika maabara za Uingereza na katika karantini ya Kenya, ambayo iko Muguga, mahali pale pale ilipokuwa EAAFRO. Miche midogo iliyokuzwa ndani ya chupa ndiyo iliyosafirishwa hadi kila nchi.

Tangu hapo wakulima wamepata aina zinazovumilia magonjwa yote mawili kwa kiwango bora, kama NASE 14 na NAROCASS 1 za Uganda, na Kiroba, Mkuranga 1, Chereko na Kipusa za Tanzania. Hakuna hata moja iliyo na kinga kamili. Ndiyo sababu ubora wa pingili ni muhimu sawa na jina la aina. Nchini Tanzania, shirika la maendeleo la Wamenno, MEDA, limeshirikiana na watafiti na wakaguzi wa mbegu wa TOSCI kuwajenga wakulima wanaozalisha na kuuza pingili zilizothibitishwa, ili huduma hiyo isife mradi unapokwisha.

Hesabu ambayo wafadhili wanapaswa kuijua

Punje moja ya mahindi huzaa mamia ya punje kwa msimu mmoja. Shina moja la muhogo hutoa takriban pingili 10 kwa mwaka. Hekta moja, kwa nafasi ya mita 1 kwa mita 1, inahitaji pingili 10,000.

Tuseme parokia imepata mashina 100 yaliyo safi. Baada ya mwaka mmoja itakuwa na pingili 1,000. Baada ya miaka miwili, pingili 10,000, yaani za hekta moja tu. Baada ya miaka mitatu ndipo itapata za hekta 10. Mradi wa miaka mitatu kwa hiyo hufungwa wakati ule ule kazi inapoanza kuonekana. Na anayelazimishwa kuonyesha idadi kubwa katika mwaka wa kwanza ana njia moja tu: kununua pingili zozote zinazopatikana sokoni.

Mambo ya kuzingatia katika kamati zetu

Kutokana na historia hii, tunapendekeza kamati zizingatie yafuatayo:

1. Kabla ya kununua pingili, uliza aina yake na kama shamba limekaguliwa. Omba kuona cheti. Kituo cha utafiti kilicho karibu kitakuelekeza kwa wazalishaji wanaotambuliwa.

2. Usiridhike na uzuri wa majani. Ng'oa mashina kadhaa sehemu mbalimbali za shamba, kata mihogo yake na angalia ndani. Ukikuta mabaka ya kahawia, usichukue pingili za shamba hilo.

3. Usisafirishe pingili kutoka mbali ikiwa zipo salama za karibu, hasa kutoka eneo lenye michirizi ya kahawia kwenda lisilo nayo.

4. Shamba la mbegu la parokia liwe mbali na mihogo ya zamani. Kagua kila mwezi, ng'oa mmea wenye dalili mara moja na uuteketeze, hata kama ni wa mwenyekiti.

5. Anza kidogo na upange kwa miaka mitano. Andika katika ombi la fedha kwamba mwaka wa kwanza ni wa kuzalisha, si wa kugawa.

6. Tunza aina za asili zinazopendwa na wazee. Kaleso na Namikonga zilihifadhiwa na wakulima, na leo watafiti wanawashukuru.

Kwa wafadhili ombi letu ni moja: mnapochangia mihogo, changieni pia ukaguzi, maabara na mikutano ya watafiti wa nchi jirani. Mwaka 1957 mpango wa Amani ulifungwa kabla ya faida yake kuonekana nyumbani, na Uganda ilipopatwa na janga miaka 30 baadaye, uzao wa Amani ulipaswa kutafutwa Ibadan. Batobato na michirizi ya kahawia bado vipo mashambani, na inzi weupe bado wanavuka mpaka.